Kifuniko cha Mkwe

Mama aliliita gari lake Mkwe kwa sababu, alisema, hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kulifokea. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la kijani, taa za mviringo, kongwe kuliko mimi. Dada yangu alipojifungua kule bondeni, Mama alitangaza kwamba atateremka na Mkwe, na hakuna gari jingine litakalompeleka. Amewapokea watoto wa mji mzima, mkunga mstaafu huyu. Mjukuu wake wa kwanza ndiye aliyepokewa na mikono ya wengine, na jambo hilo lilimkaa kooni.

Lakini Mkwe alikuwa amemtia aibu. Walipokwenda kulijaribu kwenye mteremko, yeye na Mjomba, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni bila kushika chochote. Breki ya mkono na tuta la udongo ndivyo vilivyowaokoa. Cha ajabu, walipokaa kando ya barabara hadi magurudumu yakapoa, pedali ilirudi ikawa ngumu, kana kwamba halikutokea neno.

"Gari lina wenyewe hilo," Mjomba aliniambia gereji. "Tafuta mganga, usitafute spana."

"Mganga ndiye mimi, Mjomba. Kaa pembeni."

Mimi ni fundi breki. Nilipitia kila bomba na kila mpira: hapavuji popote. Kopo la mafuta ya breki limejaa. Mama akasema basi, kesho safari.

Asubuhi nilimkuta uani, boneti juu, anazungusha kifuniko cha kopo. Magari yale kopo lake ni la chuma. Usipofungua huoni kilichomo. Alichungulia kwa utulivu, kama mkunga anayemtazama mzazi aliyelala.

"Umeamkaje, Mkwe?"

"Mama, hivi unafanya tangu lini?"

"Tangu nilipolipata. Kila siku ya Mungu, mvua inyeshe isinyeshe. Kwani mkwe hasalimiwi?"

Ngozi ilinisisimka. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umetanda uani kote, na kopo lilikuwa wazi katikati yake.

Niliwapeleka Mama na Mkwe gereji, Mjomba akatufuata. Nilichota mafuta kidogo ya Mkwe kwenye kikombe cha bati, na kwenye kingine nikatia kiasi kilekile cha mafuta mapya kutoka chupa ambayo haijawahi kufunguliwa. Nikaviweka kwenye jiko la umeme mlangoni. Mjomba alikunja mikono akingoja nichekeshe.

Kikombe cha Mkwe kilianza kunong'ona. Kikatoa povu, kikachemka kwa vurumai, mvuke ukapaa. Kile kingine kilitulia tuli, jicho la maji ya kisima.

"Moto ni mmoja?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Moto ni mmoja. Mafuta haya yanakunywa maji, Mama. Yanayanywa hewani, hatuoni. Kila ukifungua unayanywesha. Mteremkoni breki zinapata moto, maji yanachemka ndani ya bomba, yanakuwa mvuke. Mguu wako unakanyaga mvuke, na mvuke unabonyea tu."

"Na ukipoa?"

"Unarudi kuwa maji. Pedali inarudi."

Mjomba alikunjua mikono. "Mafuta yanayokunywa maji," alisema, mara mbili, na hakuongeza mzaha. Mama alikuwa akiitazama hewa ya mlangoni, hewa tupu, kama mtu aliyeambiwa kwamba chumba alichokaa miaka yote kina mtu mwingine ndani.

"Kumbe nilikuwa namzamisha," alisema.

Tulianza kuyatoa mafuta ya zamani na kutia mapya, kwanza gurudumu la mbali. Mimi chini na mpira mwembamba unaomwaga kwenye chupa, yeye kwenye usukani.

"Kanyaga. Shikilia. Shikilia, Mama! Haya, achia."

"Usinifokee. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wenzio wasukume."

Yalitoka meusi kama chai iliyosahaulika jikoni, kisha ya hudhurungi, kisha safi hata nikaona kidole changu upande wa pili wa mpira. Nikakaza kifuniko. Nikafunga na boneti.

Mchana tuliteremka. Mama aliendesha, mimi kando, Mjomba nyuma ameshika viti vyote viwili. Kona baada ya kona harufu ya breki zilizopata moto iliingia madirishani, na bonde likafunguka chini yetu, kubwa, la buluu, lisilo na ukingo. Niliutazama mguu wa Mama tu. Kwenye kona kali kuliko zote ulikanyaga, ukakutana na kitu kigumu, ukatulia hapo.

"Yupo," Mama alinong'ona. "Mkwe yupo."

Mjomba alishusha pumzi iliyonipuliza kisogoni.

Tulipofika dada yangu alikuwa mlangoni na kifurushi chake. Mama alikwenda kwanza mbele ya gari, mkono ukafika kwenye boneti kwa mazoea. Hakuifungua. Aligonga bati kwa kidole, kama abishaye hodi asiyetaka kuingia, kisha akauliza maji ya kunawia mikono yako wapi.