Zamu ya Dalisay

Dalisay alimlaza Mtoto Mtakatifu juu ya soksi chafu ndani ya kabati la nguo za kufua, taji likaanguka, akausukuma mlango kwa goti ufungike. Kengele ililia tena.

Sanamu ile ya Yesu Mtoto, yenye joho jekundu la mahameli, ilikuwa imetoka Cebu, Ufilipino, hadi California ikiwa imepakatwa na mama yake Dalisay. Kila Januari Wafilipino wa Vallejo waliipokea nyumba kwa nyumba, na mwaka huu zamu ilikuwa ya Dalisay. Jioni watu thelathini wangekuja kusali. Lakini aliyesimama mlangoni adhuhuri hiyo, kama Dalisay alivyomwona kupitia dirishani, alikuwa Bi Whitcombe, mkuu wake wa kazi, ameshika shada la maua.

"Nimepita kukupongeza tu. Jumatatu unaanza cheo kipya!"

Nyumba nzima ilinuka siki na kitunguu saumu. Dalisay alikuwa bado anaomba radhi kwa harufu hiyo pale Nanay Ising, mama yake, alipotoka jikoni na kandambili zake, unga umemjaa hadi viwikoni.

"Na huyu ni nani?" mgeni aliuliza kwa uchangamfu.

Swali jepesi mno. Hata mtoto wa chekechea angelijibu.

"Ananisaidia kazi za nyumbani," alisema Dalisay.

Kiingereza cha Nanay Ising kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikiokoteza katika miaka kumi na mmoja ya kuwaogesha wazee wa watu ili binti yake asome. Sentensi kama ile aliielewa vizuri. Alimtazama bintiye, kisha akainamisha kichwa.

"Kahawa yako sukari vijiko vingapi, madam?"

Mgeni alipoondoka, Dalisay alimfuata mama yake jikoni.

"Nanay, sikukusudia..."

"Mtoto yuko wapi?"

"Kabatini. Kwenye nguo chafu."

Mama akaenda mwenyewe. Alimtoa, akampangusa uso kwa pindo la gauni lake, akamvalisha taji. Laiti angefoka! Laiti angemrushia kandambili kama zamani, Dalisay angejua pa kuanzia kulia.

Jioni nyumba ilifurika. Shangazi Pacing, ambaye mdomo wake haukujua breki, alipaza sauti: "Ising, mwanao bosi sasa! Si akutafutie mfanyakazi, na wewe ukae ukunje nne?"

Watu wakacheka. Dalisay alihisi masikio yanawaka moto.

"Mimi nikikaa bure nitaugua," alijibu Nanay Ising, naye akicheka. "Mwache mwanangu. Amehangaika tangu asubuhi."

Baada ya sala vijana walipanga mstari, kila mmoja akiuinamia mkono wa mkubwa wake na kuugusisha kwenye paji la uso, kama walivyolelewa. Dalisay alijikokota hadi mwisho wa mstari. Ilipofika zamu yake, mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuosha sahani. Aliufuta mkono kwenye aproni, kiganja, kisha mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayejiandaa kusalimiana na mgeni. Ndipo akautoa.

Dalisay akauweka pajini. Hakuuachia.

"Mungu akubariki," alisema Nanay Ising, kwa sauti ileile aliyozoea kuwabarikia watoto wa watu, macho yakipita juu ya kichwa cha bintiye kumtafuta anayefuata.

Hakukuwa na anayefuata.