Niangukie Wapi?

Mtaa mzima ulimwita Bibi Pasi. Alikuwa dobi tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumwona akiacha pasi ya mkaa imelala juu ya nguo, hata aitwe na nani. Mchana huo alikuwa akinyoosha shati jeupe. Mjukuu wake mchanga kalala fofofo ndani ya tenga, nyuma ya meza, chini ya suti za wateja.

Akaingia kijana na bastola. "Bibi, pisha nichukue suti."

"Chukua hizo za mlangoni, mwanangu. Huku usije."

Kijana akadhani huko nyuma kumefichwa mali. Akasogea. Bibi hakubanduka. Ukalia mlio mmoja, ukafuata wa pili. Bega likawaka moto, na paja likalowa kitu cha vuguvugu. Tengani mtoto akaangua kilio.

Lakini mkono wa dobi una akili zake. Bibi Pasi aliinua kwanza pasi kutoka kwenye shati, akaiweka juu ya kibati chake polepole, lisidondoke hata kaa moja. Kisha akazunguka meza, akamwendea yule kijana.

Kijana akamtumbulia macho. Kwenye sinema alizozizoea, mtu akipigwa risasi hurushwa mpaka ukutani.

"Bibi, nimekupiga! Anguka basi!"

"Niangukie wapi, mjukuu wangu analia?"

"Kumbe ni mtoto?" Akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye ndoo ya maji, chali! Bastola ikateleza chini ya meza. Bibi akamkalia kifuani, na Bibi Pasi hakuwa mwembamba.

"Jamani, nakufa!"

"Ngoja zamu yako. Aliyepigwa risasi ni mimi."

Majirani wakawakuta hivyo hivyo.

Hospitalini, baada ya kusimuliwa yote, daktari alimfunga bandeji akitikisa kichwa. "Risasi hairushi mtu, Bibi. Hizi zimepita kwenye nyama, hazikugusa mfupa wala mshipa mkubwa, ndiyo maana ukaweza kusimama. Ila ungechelewa kidogo, damu ingekumaliza."

Bibi hakuwa akimsikiliza. Macho yalikuwa mlangoni, mpaka binti yake alipoingia na mtoto mgongoni, ananyonya ngumi yake.

"Hana hata mchubuko, mama."

Bibi akashusha pumzi ndefu, halafu akacheka mpaka bega likamkumbusha.

"Na lile shati?"

"Jeupe vilevile."

"Basi mpelekeeni mwenyewe akavae."