Cherehani Zilizojificha kwa Mazoea

Mtaa wetu ni wa makazi tu. Halmashauri iliamua hivyo zamani, na aliyeamua bila shaka alikuwa na mshahara. Kushona nguo za watu sebuleni ni kosa, na shangazi yangu alikuwa amelifanya kosa hilo miaka yote niliyokaa kwake. Kwa kosa hilo alinilisha, kwa kosa hilo alinivisha.

Mwaka huu wakampa onyo la mwisho: aombe ruhusa maalumu, la sivyo cherehani zitachukuliwa. Akaomba. Akaelezwa kwamba mwenye nyumba hupewa ruhusa hiyo akionyesha kuwa kazi yake ipo, ni ndogo, na haimsumbui jirani. Tangazo likabandikwa getini ili mwenye pingamizi ajitokeze, halafu afisa angekuja kukagua.

Mwenye pingamizi tulimjua kabla gundi haijakauka. Ni mstaafu tunayepakana naye ukuta kwa ukuta. Tulimpa jina la Mzee Kimya, maana hata kikohozi cha mtu kilimkera. Shangazi akampelekea suruali mpya, kitambaa chetu, mshono wetu. Mzee akajitazama kiooni, akageuka huku, akageuka kule.

"Shemeji," akasema, na hajawahi kuwa shemeji yetu, "mimi na wewe tuna ugomvi gani?"

Tukapata usingizi.

Siku ya ukaguzi nilikuwa nakunja mapindo ya sare za shule niliposikia gari likisimama. Shangazi akachungulia dirishani, akaona nembo ya halmashauri.

"Wageni!"

Neno hilo kwetu lina kazi yake. Mikono ilianza kabla ya akili. Cherehani mbili zikaingia chini ya kitanda, ya tatu ikafunikwa shuka na kuwekewa redio juu, meza ya kukatia ikatandikwa kitambaa cha maua na kupangwa sahani. Shangazi alikuwa anafagia nyuzi nilipokumbuka.

"Shangazi, huyu si ndiye tuliyemwomba aje?"

Akaganda na fagio mkononi. "Na wewe ulikuwa wapi na maneno yako?"

Mlango ukagongwa.

Afisa alikuwa kijana mpole. Akapita sebuleni, akapita jikoni, akarudi.

"Mama, kazi yenyewe iko wapi?"

"Ipo, mwanangu. Imepumzika kidogo."

"Mimi naona meza ya chakula. Siwezi kumpa ruhusa ya kushona mtu asiyeshona. Nikiandika hakuna kazi, halafu kesho ikaonekana, cherehani zinabebwa."

Shangazi akamwona Mzee Kimya getini, ndani ya suruali yake mpya. "Jirani! Hebu njoo umwambie!"

Mzee akaja mbio. Alikuwa amejiandaa. "Kijana, mimi na nyumba hii ni ukuta kwa ukuta. Cherehani sijawahi kuisikia. Hapa pako kimya mpaka nasinzia mchana."

"Mzee, sema ukweli!"

"Ndio huo, shemeji." Akamkonyeza.

Nikaona huu wema utatumaliza. Nikaingia chumbani, nikaburuta cherehani moja hadi sebuleni, nikairudia ya pili, nikaondoa redio na shuka kwenye ya tatu. Kisha nikaketi na kupiga pindo la sare pale pale. Sahani zikaanza kutetemeka mezani.

Afisa akanitazama, akamtazama mzee, akaandika.

"Kazi ipo," akasema kwa sauti ya juu, ili asikike. "Ni ndogo. Na jirani wa karibu kabisa hajawahi kuisikia. Mama, sina sababu ya kukunyima. Mzee, weka saini hapa."

Mzee Kimya akaisukuma kalamu kando. "Kwani mimi nimesema sisikii?"

"Umesema unasinzia mchana."

Akatazama mkunjo wa suruali yake, ulivyonyooka. Akasaini.

Sasa tunashona madirisha wazi. Jana mzee alisimama dirishani kwetu, midomo inacheza. Shangazi akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

"Unasemaje, shemeji?"

Mzee akatazama cherehani zetu zikinguruma.

"Nasema hamjambo!" akapiga kelele.