Mwenye Nyumba Namba Kumi na Saba

Jumatano moja ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi, Mama Évodie alikuwa ameketi mbele ya hema lake akifumua sweta. Ilikuwa sweta ya kijani ya mwanamume mnene, iliyofika Kalemie, mji wa kando ya ziwa, ndani ya robota la mitumba, na Évodie aliona kwa kuitupia jicho tu kwamba ndani yake zilikuwamo kofia saba za watoto wachanga, nane kama nondo hawakula mikono. Alivuta uzi, akauzungushia mgongo wa kiti, akauosha, akauanika kwenye kamba ya hema.

Kofia hazikumpa shida ya wateja. Katika mji huu mtoto mchanga hatolewi nje bila kofia, hata jua liwe la utosi. Mama akithubutu, wanawake wa njia nzima watamuuliza kama anataka upepo wa ziwa umwingie mtoto kichwani. Lakini moyo wa Évodie ulikuwa kwa wanasesere. Kalemie watu huwaita pupe. Walikuja uchi ndani ya marobota yale yale, nywele zimesimama, wengine jicho moja halifungi, na Évodie hakuvumilia kuwaona hivyo. Aliwashonea kwa mkono: magauni ya vipande vya kitenge alivyoombaomba kwa mafundi, makoti yenye vifungo vya mikono ya shati, viatu vya ngozi ya mkoba mkuukuu. Kila mwanasesere alipovishwa kwa mara ya kwanza, Évodie alimshonea ndani ya kola kipande cheupe chenye jina lake, mji na tarehe, kwa uzi mwekundu. Hiyo ilikuwa desturi yake, ili watoto wakigombana ijulikane nani ni wa nani.

Mmoja hakuuzwa. Huyo alikuwa Éliane, ambaye Évodie alimtumia kupimia nguo mpya, na kwa sababu hiyo alikuwa mtu aliyevaa vizuri kuliko wote kambini.

Nyumba ya Évodie mwenyewe ilikuwa ziwani. Haikubomoka. Maji yalipanda tu, yakaingia sebuleni kama mgeni mstaarabu, yakakaa, yakasahau kuondoka. Siku ziwa likitulia, bati lake lilionekana kutoka ufukweni, na Évodie akipita hapo alilisalimu. Ndani aliacha cherehani, viatu vya kanisani na kadi ya kura. Alitoka na mama yake tu, Koko Lucie, mwenye miaka themanini na mmoja, na chini ya turubai Koko Lucie alikuwa akikohoa. Mvua zilikuwa njiani. Évodie aliogopa mvua hizo, na hakumficha mtu.

Nyuma ya reli, kilimani, kamati moja ilikuwa imejenga nyumba arobaini na mbili za bati kwa ajili ya watu waliofukuzwa na maji. Ili upewe ulipaswa kuandikwa, na kuandikwa kulifanyika Alhamisi, bironi, yaani ofisini, kwa Papa Gauthier. Papa Gauthier hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, akauliza habari za wagonjwa, kisha akawarudisha. Évodie alikuwa amerudishwa mara nne. Mara ya kwanza ni kwa sababu mlangoni kulikuwa na tangazo, Kuvaa Vizuri ni Lazima, Kandambili Hapana, naye ziwa lilimwachia kandambili tu. Mara ya pili aliazima viatu vya Mama Denise, jirani yake wa hema, akaambiwa alete kadi. Mara ya tatu alileta mashahidi wawili, nao kadi zao zilikuwa ziwani. Mara ya nne orodha ilifungwa alipobaki mtu mmoja mbele yake.

Kesho yake baada ya kufumua sweta, Alhamisi, Évodie aliamka mapema, akawa wa kumi na moja mstarini. Lakini siku hiyo mjukuu wa Mama Denise alikuwa akibatizwa, na kofia ya ubatizo ilibaki bila kishada. Évodie akafanya kama wanavyofanya watu wote wa Kalemie kwenye foleni ya bomba: ukitaka kuondoka, unaacha kitu kinachoshika nafasi yako, bidoni la maji au tofali au kiatu, na mstari ukisogea wa nyuma yako anakisogeza. Kiatu hakuweza kuacha, maana ndicho kilichomfukuza. Akamweka Éliane juu ya jiwe, amevaa koti la bluu na kofia ya kijani iliyofumwa jana yake, akamwambia amshikie nafasi, akaenda zake kumaliza kishada.

Ubatizo ulichelewa kama zinavyochelewa shughuli zote zenye padri mmoja na watoto kumi na tisa. Évodie aliporudi, jiwe lilikuwa tupu. Mama Denise, aliyemtangulia kufika na bado amevaa kitenge cha sherehe, akamwambia kwamba Éliane alikuwa ameshaitwa ndani. Évodie akaingia. Alimkuta mwanasesere amekaa juu ya meza ya Papa Gauthier, miguu inaning'inia, ameshika karatasi yenye muhuri.

Baadaye aliyekuwa wa kumi na mbili alieleza mambo yalivyokwenda. Papa Gauthier alimtazama Éliane viatuni, akaridhika. Aliuliza jina, naye akajibu. Aliuliza mahali alipozaliwa na tarehe, na Éliane akamwambia aangalie kwenye kola, mambo yote yalikuwa yameandikwa huko. Papa Gauthier akageuza kola, akasoma: Éliane, Kalemie, 12 mwezi wa tatu mwaka jana. Aliuliza nyumba yake iko wapi. Éliane akasema iko ziwani, alikuwa anakaa kwenye rafu ya dirishani, maji yalimkuta hapo. Ilikuwa kweli tupu. Papa Gauthier akaandika.

Évodie alikasirika, si kwa Papa Gauthier bali kwa Éliane.

"Nilikuacha unichungie nafasi," akamwambia.

"Nilichunga, mama," Éliane akasema. "Njo wakafika kwangu."

Évodie akamgeukia Papa Gauthier, akamweleza kwa utulivu kwamba nafasi ile ilikuwa yake. Papa Gauthier akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na moja.

"Mama, hapa iko Éliane," akasema. "Na Éliane iko na kila kitu."

Alhamisi ya pili yake Évodie alikuja na kipande cheupe ndani ya kola ya blauzi yake: Évodie, Kalemie, na tarehe yake ya kuzaliwa, kwa uzi mwekundu ule ule. Papa Gauthier alikisoma kwa heshima. Kisha akauliza nani alikishona. Évodie, aliyelelewa vizuri, akasema ni yeye mwenyewe. Papa Gauthier akasikitika sana, akamweleza kwamba muntu hawezi kujishuhudia.

Ufunguo ulitolewa siku tatu kabla ya mvua ya kwanza. Nyumba namba kumi na saba, vyumba viwili, bati jipya, mlango wa mbao ambao bado ulinuka msumeno. Éliane alipewa ufunguo mkononi, ukamwangusha, maana ulimzidi uzito, na Évodie akamwinua na kumpangusa vumbi. Papa Gauthier aliuliza kama mwenye nyumba atakaa peke yake. Éliane akasema hapana, iko na wageni wawili. Papa Gauthier akasema wageni ni haki ya kila mwenye nyumba, na kwa kuwa daftari halikuwa na safu ya wageni, hakuandika kitu.

Hivyo Évodie na mama yake wakahamia kwa Éliane. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa tatu na mchana wake, bati likapiga ngoma, na Koko Lucie akakaa katikati ya chumba akisubiri tone limdondokee, kwa mazoea. Halikumdondokea. Ndani ya wiki mbili kikohozi kilipungua, na Évodie akalia kidogo kwa furaha, kisha akaendelea kufuma.

Éliane alikuwa mwenye nyumba mpole lakini alijua methali. Siku ya tatu, akiwa dirishani mahali pake, alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mgeni ni siku mbili. Évodie hakungoja kupewa jembe. Aliliazima mwenyewe, akalima nyuma ya nyumba, akapanda mboga, lengalenga na matembele. Koko Lucie yeye alidai uzee ni jembe tosha, na Éliane hakusisitiza.

Habari hazikai kwenye mfuko. Mama Denise ndiye aliyekuja wa kwanza, amebeba mwanasesere asiye na mkono mmoja, na bila kuzunguka akamwomba Évodie amvishe nguo ya biro. Évodie alimshonea suti ya kijivu, mkono mtupu ukaingizwa mfukoni kama wa mkubwa, akamfumia kofia nyeusi, akamwandika kwenye kola: Théophile, Kalemie. Alhamisi Mama Denise akamweka juu ya jiwe na kwenda sokoni. Jioni Théophile alikuwa na nyumba namba kumi na nane.

Kuanzia hapo Évodie hakupata nafasi ya kujikuna. Watu wa mahema walikuja na wanasesere wa kila namna, wa plastiki, wa matambara, wa gunzi la muhindi, na mzee mmoja alileta dubu, akauliza kama dubu naye anaweza. Évodie akasema akivaa tai, kwa nini asiweze. Alifumua sweta hadi marobota yote ya soko yakaisha sweta. Aliwafundisha wanawake wanne kufuma, na barazani kwa Éliane palikuwa na kicheko tangu asubuhi, maana kumvisha dubu tai si kazi ya mtu mwenye huzuni. Mstari wa Alhamisi ukawa mzuri ajabu: kofia arobaini za rangi zote juu ya mawe arobaini, zimetulia, hakuna anayesukumana. Papa Gauthier alisema hajawahi kuhudumia watu wenye nidhamu namna ile.

Kabla ya Krismasi nyumba zote arobaini na mbili zilikuwa zimepata wenyewe. Watu wa mahema nao walihamia, kila familia kwa mwanasesere wake, wakafagia nyua na kuwasha majiko. Waliobaki bila mwanasesere walibaki chini ya turubai, na Évodie alisikitika kila alipowaona, akawaambia robota likija atawaangalizia.

Mwezi wa kwanza ulikuja ukaguzi. Mheshimiwa mmoja wa kamati alishuka kwenye gari na Papa Gauthier, wakapita nyumba kwa nyumba. Wenye nyumba walikuwa wamekalishwa vibarazani tangu alfajiri, wamechanwa nywele. Mheshimiwa aliwapa mkono wote, kidole kimoja kimoja. Alipofika namba kumi na saba alimsifu Éliane kwa kofia yake, kisha akamwona Évodie anapalilia.

"Na huyu nani?" akauliza.

"Njo mugeni wangu," Éliane akasema.

Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa. Katika ripoti yake, ambayo Papa Gauthier aliwasomea watu bironi kwa fahari, iliandikwa kwamba nyumba zote zinakaliwa na wenyewe, na kwamba wenyewe ni wasafi na wakarimu mno, maana hapakuwa na nyumba isiyo na wageni. Orodha ya waliopoteza makazi ilikuwa imekamilika, kwa hiyo ingefungwa mwisho wa mwezi.

Neno hilo lilimchoma Évodie. Alikuwa na paa, hakukana, na mama yake alikuwa haamki tena na kikohozi. Lakini nyumba iliyozama ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyeipaka rangi, na katika daftari lolote la mji huu hakuna aliyejua kwamba aliwahi kuwa na mlango. Siku moja kamati ingeweza kusema wageni warudi kwao, na kwake kulikuwa chini ya maji. Alimwambia hivyo Éliane, bila kumlaumu.

Éliane alifikiri. Akasema Alhamisi watakwenda pamoja, yeye atakuwa shahidi. Shahidi mwenye karatasi kamili.

Walikwenda. Évodie alivaa viatu vyake mwenyewe, alivyovinunua kwa kofia. Alimweka Éliane mezani, na Éliane akaongea vizuri kuliko walivyofanya mazoezi.

"Huyu namujua," akamwambia Papa Gauthier. "Nyumba ilikuwa yake, mimi nilikaa ku dirisha yake. Hata jina yangu, yeye njo aliandika."

Papa Gauthier aliweka kalamu chini. Ilionekana wazi kwamba neno lile lilimgusa. Akageuza kola ya Éliane, akasoma tarehe, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena ili asimwonee mtu.

"Shahidi anapashwa kuwa na miaka kumi na munane," akasema. "Huyu iko na mumoja na miezi kumi. Murudi akikomaa, mama. Nitawapokea mimi mwenyewe."

Njiani Évodie alipiga hesabu. Ilibaki miaka kumi na sita na miezi miwili. Koko Lucie angekuwa na tisini na saba, na angekuwa bado anakataa jembe. Walipita ufukweni. Ziwa lilikuwa limetulia, bati lilionekana, Évodie akalisalimu na Éliane naye akalisalimu.

Nyumbani Évodie alichagua kipande cha kitenge kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, cha maua mekundu, akaanza kumshonea Éliane gauni jipya. Wanasesere hawakui, hilo hakuna mshonaji asiyelijua. Hata hivyo chini aliacha pindo pana, la vidole vinne, la kufumuliwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, akalishona kwa mishono mirefu ili lisisumbue likifika wakati wake.