Shubiri ya Semboja

Mume wangu Mdoe alikuwa seremala pale Kilole, na jicho lake la kushoto lilikwisha kuchukuliwa na mwiba wa mkonge. Enzi hizo za Mwingereza, fundi aliyekosa kazi Korogwe alirudi shambani kukata mkonge. Jicho lililobaki mimi sikutaka liende huko.

Ndiyo maana Dhirajlal mwenye duka alipotuagiza vitanda vya kamba vya kambi mpya, nilipiga vigelegele. Vilitakiwa vitanda vya kufungua: miguu mzigo wake, mbao mzigo wake, anayepokea achomeke tu. Mdoe akagawana kazi na Semboja wa Kwaluguru na Yordani wa Makuyuni, kila mmoja akachonga kwao.

Vilipoletwa dukani, Dhirajlal akachanganya vipande makusudi. Ubao mmoja ukapwaya, mwingine ukagoma kabisa kuingia.

"Fundi Mdoe, huko kambini nani atajua mguu huu ni wa ubao upi? Ijumaa vikikataa tena, nampa fundi wa Tanga."

Mdoe alirudi nyumbani, akaanza kunoa kisu chake cha mkonge. Hasira zikanipanda. Nikawaita wale wawili.

"Tundu la mguu mlipimaje?"

"Vidole viwili, mama, kama Mdoe alivyotuambia," akasema Semboja. "Na urefu wa ubao shubiri tisa."

"Leteni mikono hapa!"

Kiganja cha Semboja kilifunika cha Yordani chote, na vidole vyake ni mihogo mitupu.

"Kumbe shubiri zenu ndizo chungu hivi!" nikasema. Mdoe akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Akakata fimbo moja ya urefu na kigingi kimoja cha kupimia tundu, wenzake wakanakili hizo hizo.

"Na mti ukikauka, tundu likalegea?" akauliza Yordani.

Mdoe akawaza, kisha akachonga ncha ya ubao iwe nyembamba mbele, nene nyuma. "Likilegea, ncha itazama zaidi. Kamba ikikazwa itaivuta ibane."

Ijumaa Dhirajlal alichanganya vipande vipya vyote, akaunga kitanda mwenyewe, kikasukwa kamba, akajilaza. Akageuka huku, akageuka kule. Kitanda hakikulia.

"Haya, leteni vilivyobaki," akasema, bado amelala.

Niliketi pale pale kwenye sakafu ya duka nikalia, wala sikuona haya.

Jioni Mdoe alikitafuta kile kisu. Nilikuwa nacho jikoni, namenyea mihogo.