Rimu za Kumi na Sita

Kamati ya harusi ya Gaudiosa ilikuwa imepitisha keki, ukumbi, matarumbeta na rangi ya kitenge bila ugomvi. Ilikuja kukwama kwenye rimu.

"Gari la bibi harusi ni la Justina," alisema Baba mkubwa Philipo, mwenyekiti wa kamati na baba mzazi wa bibi harusi. Alikuwa ameketi sebuleni kwake Milanzi, mjini Sumbawanga, koti zito mabegani. "Hilo limekwisha. Tunajadili miguu yake."

Justina alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono bado inanuka grisi. Alikuwa fundi magari mwenye stashahada na gereji yake mwenyewe. Gari lililokuwa likijadiliwa ni Subaru ya bluu aliyoinunua ikiwa mabaki ya ajali, akaiunga kipande kwa kipande mpaka ikapona. Hakujua kuwa ina tatizo la miguu.

Kasmir, kaka yake, alisimama. Duka lake mjini liliuza urembo wa magari: vitambaa vya viti, taa za rangi, manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, na sasa rimu nne za inchi kumi na nane, bado zimo kwenye nailoni.

"Zinang'aa mtu anajiona mpaka meno," alisema. "Picha za harusi zinadumu, ndugu zangu. Kweli tumpeleke Gaudiosa kanisani na rimu za kumi na sita, kama gari la kusomba mahindi?"

Kamati ikacheka.

"Jumapili nina mbio," alisema Justina.

"Harusi ni Jumamosi," alijibu shangazi Cornelia, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

"Gari ni hilo hilo, shangazi."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Klabu moja ya magari ya Mbeya ilikuwa inatafuta dereva mmoja tu kutoka Rukwa. Majaribio yangefanyika Jumapili, siku moja baada ya harusi, katika kambi iliyoachwa na mkandarasi wa barabara upande wa Laela, ambako kulibaki mzunguko wa lami. Katibu wa klabu, Atusaye, alikuwa amemweleza Justina masharti kwa simu: gari lije kwa barabara, likimbie na tairi zile zile lilizokuja nazo. Hawakutaka gari la kubebwa kwenye lori kama ng'ombe wa mnada. Justina alikuwa akiingoja nafasi hiyo tangu siku Subaru ilipowaka kwa mara ya kwanza. Kitu chochote kikipasuka Jumamosi, Jumapili haipo.

Alieleza hayo yote. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakapiga kura. Mikono mingi ikapandia rimu za kumi na nane.

"Azimio ni azimio," alisema Baba mkubwa.

"Nitazijaribu kwanza."

"Jaribu, mwanangu. Lakini uzifunge."

Justina hakuwa na chuki na rimu kubwa. Kesho yake alipanga rimu za kila ukubwa sakafuni gereji, ndogo kwa kubwa, akaanza na za kumi na tano, ambazo watu wa mbio za vumbi wanazipenda kwa sababu tairi yake ni nene. Alipofunga moja mbele na kuizungusha kwa mkono, chuma kikasaga chuma. Breki za mbele za gari lile ni kubwa, nazo ziligusa ndani ya rimu. Akaifungua.

Ya kumi na sita ilizunguka kimya. Alichukua kijiti cha kiberiti akakipenyeza kati ya breki na rimu, kikapita, kikadondoka upande wa pili. Nafasi ya kijiti cha kiberiti ilitosha. Za kumi na saba angezichagua kama angeishi penye lami laini tupu, maana zinashika kona vizuri, ila tairi zake Sumbawanga hazipatikani kirahisi. Ikichanika moja, unakaa kituo cha mabasi kusubiri mzigo wa Mbeya. Za kumi na nane alizibeba, pamoja na moja ya kumi na sita, hadi uwanja wa jirani, kwa Masanja mnunuzi wa mahindi, mwenye mizani.

"Dada fundi, mahindi ya wapi haya yanang'aa hivi?" aliuliza Masanja.

"Pima, acha maneno."

Wakapima ya kumi na sita na tairi yake, halafu ya kumi na nane na tairi yake. Kubwa ilizidi kilo saba.

"Saba tu," alisema Masanja.

"Mara nne. Halafu huu si mzigo wa kukaa kwenye kiti. Huu unazunguka. Injini iuzungushe, breki iusimamishe, shokapu iupokee kwenye kila shimo. Na huku kwetu juu hewa ni nyepesi, injini yenyewe inahema."

"Kama kukimbia na gambuti."

"Umeelewa kuliko kamati nzima. Sasa niazime magunia mawili ya mahindi niyaweke kiti cha nyuma."

"Unampelekea nani?"

"Ni bibi harusi, matroni na shangazi Cornelia."

Masanja alifikiri. "Cornelia ninayemjua mimi? Ongeza nusu."

Akafunga za kumi na nane zote nne, akapakia magunia mawili na nusu, akashika barabara ya Matai. Kwenye lami nzima gari lilikwenda vizuri, na Justina alikiri moyoni kuwa usukani ulikuwa mwepesi kuitika. Kisha barabara ikazama kidogo, nyuma ikadidimia, na tairi ikaanza kusugua ukingo wa bodi kwa sauti ya nguo inayochanwa. Harufu ya mpira ulioungua ikaingia ndani. Mbele kidogo alilipisha lori njia, gurudumu la kushoto likatumbukia mahali lami ilipomegeka. Lilikuwa shimo la kawaida, kwa mwendo wa kawaida. Tairi nyembamba haikuwa na kitu cha kulipokelea, na kishindo kikafika mpaka kwenye meno.

Alisimama, akashuka kwenye upepo, akapitisha kidole kwenye mdomo wa rimu. Ulikuwa umelala kama mdomo wa sufuria iliyoangushwa.

Alizirudisha dukani kwa Kasmir siku hiyo hiyo.

"Moja imepinda. Usiifunge kwenye gari la mtu yeyote."

"Umeipinda wewe!"

"Nimeipinda mimi. Ndiyo maana ya kujaribu."

"Kuna mzee sokoni anazigonga, zinanyooka kabisa."

"Zinanyooka kwa macho, kaka. Chuma hiki hakitaki nyundo. Kikishapinda kimeshachoka."

"Wewe na stashahada yako," alisema Kasmir, akaibeba rimu ndani.

Jumamosi asubuhi Subaru iliegeshwa mbele ya nyumba ya Baba mkubwa, imeoshwa, imefungwa riboni nyeupe, na chini yake zimekaa rimu za kumi na sita, za kijivu, zisizong'aa hata kidogo. Baba mkubwa alitoka na suti yake, akaanza kulitazama gari kuanzia paa. Alipofika chini akainama.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba. Hiyo ndiyo miguu iliyopitishwa na kamati?"

"Siyo."

"Justina!"

"Baba, mimi naingia," alisema Gaudiosa kutoka mlangoni, akiwa ameishika shela kwa mikono miwili. "Nimebanwa na hii nguo tangu alfajiri. Rimu mtajadili nikishaolewa."

Za kumi na nane hazikukosa kazi. Kasmir alizifunga kwenye gari lake mwenyewe, Foresta, akaenda nalo Matai kumchukua bwana harusi, mwalimu Enock. Ile iliyopinda ilikuwa imeshapitia kwa mzee wa nyundo, na kwa macho ilikuwa nzuri kabisa.

Msafara wa bibi harusi ulifika kanisani kwa wakati. Bwana harusi hakuwepo. Wakasubiri. Matarumbeta yakapiga nyimbo zao zote, yakarudia. Padri akatoka mlangoni mara ya kwanza akitabasamu, mara ya pili bila kutabasamu, kwa sababu kulikuwa na harusi nyingine nyuma ya hii. Ndipo simu ya Justina ilipolia.

"Rimu imepasuka," alisema Kasmir. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulipanda tuta tu, upepo wote ukatoka. Tuko njiani, bado mbali."

"Funga tairi ya akiba."

"Nilitoa. Niliweka spika."

Justina aliangalia magari ya msafara. Yalikuwa yamebanana, mengine yameegeshwa kwa mtindo wa harusi, yaani hovyo, na madereva wake wamekwenda kutafuta supu. Kisha akaziangalia tairi zake. Hizo ndizo zilikuwa tairi za kesho, hakuwa na nyingine. Angeweza kukaa kimya na mtu mwingine akapatikana baadaye, na harusi ingesogezwa, na lawama zingekwenda zinakostahili. Gaudiosa alikuwa bado ndani ya gari, kioo kimeshuka. Hakuomba kitu. Alikuwa anavuta uzi mmoja wa glavu, anauvuta, anauvuta.

"Shuka," Justina alimwambia. "Na shela yako yote. Naenda kumchukua mumeo."

Barabara ya Matai aliijua, na siku ile aliipita kama anavyotaka mwenyewe. Mzunguko mwepesi wa rimu uliifanya injini iamke haraka kila alipotoka kwenye kona, na kwenye yale mabonde ambako tairi kubwa zilisugua bodi, hizi hazikugusa kitu. Katikati ya safari kundi la ng'ombe lilimwagika barabarani, mchungaji akiwa nyuma na redio yake. Justina alikanyaga breki, akatoa magurudumu ya kushoto nje ya lami, yakagonga ukingo yakirudi. Lilikuwa pigo kubwa kuliko lile la siku ya magunia. Tairi nene ikabonyea, ikalimeza. Usukani ukabaki umenyooka.

Alimkuta Enock kando ya barabara na suti nyeupe, ua mfukoni, vumbi magotini. Kasmir alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu kama aliyefiwa.

"Ingia, shemeji," alisema Justina.

"Na mimi?" aliuliza Kasmir.

"Wewe baki na rimu zako. Zisije zikaibiwa."

Wakati wa kurudi, Enock alishikilia mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Shemeji, polepole, nataka kufika mzima."

"Unataka kufika mzima au unataka kuoa?"

"Vyote viwili!"

"Basi funga mkanda unyamaze."

Padri alikuwa mlangoni anaangalia saa. Misa ikaanza.

Jumapili asubuhi Justina alipiga magoti gereji akapitisha kidole kwenye midomo ya rimu zote nne. Zilikuwa kama alivyozifunga. Akatoa riboni iliyokuwa imesahaulika nyuma, akaendesha mpaka kambini upande wa Laela.

"Dada, umekuja na rimu za teksi?" alimtania kijana mmoja wa klabu, aliyekuja na za kumi na nane nyeusi.

"Ndiyo. Unakwenda wapi nikupeleke?"

Penye njia iliyonyooka hakuwa wa kwanza. Lakini lami ile ya kambini ilikuwa imeumuka na kukatika, na kila kona iliishia kwenye viraka. Wengine walinyanyua mguu kwenye mafuta wakifika pale, wakihofia rimu zao. Yeye hakunyanyua. Walipomaliza, Atusaye alizunguka Subaru, akaigonga tairi moja kwa ncha ya kiatu.

"Hizi ndizo ulizokuja nazo kweli?"

"Ndizo. Na jana zimemwozesha mtu."

Atusaye alicheka. "Mbeya, mwisho wa mwezi. Uje nazo hizo hizo."

Wiki iliyofuata walikutana tena Milanzi kuvunja kamati. Kulikuwa na samaki wa migebuka waliotoka ziwani, ugali, pilau na soda. Baba mkubwa Philipo alishukuru kila mtu kwa jina, kisha akakohoa.

"Kabla hatujala, tusafishane. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Kasmir ameshaomba radhi kwa mambo ya spika, tumempigia makofi. Amebaki Justina. Bwana harusi alitufikishia, tumemshukuru. Lakini azimio la kamati alilivunja. Rimu aliipinda. Na picha zimetoka, magurudumu yanaonekana kama ya gari la mahindi. Aseme tu samahani, tule."

Watu walimgeukia. Shangazi Cornelia alimvuta kitenge. "Sema yaishe, mwanangu. Ni neno tu. Ugali unapoa."

Justina alijua kuwa ni neno tu. Alijua pia kuwa akilisema, harusi ijayo kamati itakaa kujadili breki zake. Akasimama.

"Baba mkubwa, kamati ilichagua ukumbi, nikaja nikacheza. Ilichagua kitenge, nimekivaa, na hakinipendezi. Rimu nilizipima, nikazijaribu, nikamwambia mwenye nazo kwamba moja imekufa. Gari langu nitalichagulia mimi miguu yake. Siombi radhi."

Kasmir aliangalia sahani yake.

"Hata kidogo?" aliuliza Baba mkubwa.

"Hata kidogo."