Ukucha wa Obuya

Mtoto wa Ivyne alikuwa bado hana jina, na kwa sababu hakuwa na jina, alilia. Hivyo ndivyo alivyosema mama mkwe kwa simu kutoka kijijini Ugenya: kuna mtu wa ukoo anayemtaka huyu mtoto, na hatanyamaza mpaka aitwe jina la mtu huyo. Ivyne na mumewe wakaweka simu kando ya kitanda, mama mkwe akawataja wafu wa boma mmoja baada ya mwingine. Kila jina lilipotajwa mtoto alizidi kulia.

Mmoja tu ndiye aliyerukwa.

Ivyne alilijua jina hilo, lakini hakuwa mtu wa kusema. Hata dukani alizoea kuonyesha kwa kidole. Ila kulikuwa na ndoto iliyomrudia: mwanamume ameketi mbele ya kompyuta, amempa mgongo, anagonga meza kwa ukucha kama anayesubiri kitu kifunguke. Tak. Tak. Tak. Hageuki. Alipomweleza mama mkwe, alikatizwa kabla ya kumaliza.

"Huyo usimwite, nyathina, mwanangu," mama mkwe akasema. "Aliyejitoa uhai mwenyewe hapewi mtoto. Atarudi kumchukua."

Huyo alikuwa Obuya, mdogo wa mumewe Nashon. Alitengeneza video za harusi katika chumba cha pili kutoka chao, hapo hapo Kinoo, nje kidogo ya Nairobi. Julai ya mwaka uliopita walimkuta amekufa, ameinamia meza, jiko la makaa limezimika miguuni pake, dirisha limezibwa kwa matambara. Wengine walisema ni ajali ya hewa ya makaa, alikuwa akikimbia baridi tu, Kinoo nzima huingiza majiko ndani Julai. Wengine walisema matambara yale yalikuwa yamepangwa vizuri mno.  Nashon aliibeba kompyuta ya nduguye kuitoa nje, ikamponyoka mlangoni, na tangu siku hiyo diski yake haikufunguka tena.

Ivyne aliwaza jambo moja. Kama Obuya alikuwa kazini mpaka mwisho, basi hakuwa anaaga. Na kama hakuwa anaaga, mtoto angeweza kupewa jina lake.

Akaenda mjini na diski ameifunga kwa shali ya mtoto, mpaka barabara ya Luthuli kwa Ken, fundi aliyemuuzia Obuya mashine ile. Ken akaiwasha na kuitegea sikio.

"Imeumia kichwa cha kusomea, shem. Kuna ofisi za kufungua hizi vitu, lakini hiyo bei hata mimi siulizi." Akajikuna shingo. "Kuna ujinga moja ya zamani. Unaigandisha kwa friza. Ikitoka na baridi yake, saa zingine inakubali dakika kidogo. Saa zingine inakufa kabisa."

"Wewe ungefanya?"

"Mimi? Huyo jamaa alikuwa beste yangu. Ningeogopa."

Friza ya karibu ilikuwa ya Waweru, mwenye bucha. Ivyne aliifunga diski kwa karatasi mbili za mkate, akaisukuma ndani ya mkebe wa mafuta ya Kasuku, akaenda akasimama mbele ya bucha, akaonyesha friza kwa kidole.

"Mama nani vile?" Waweru akauliza, kama alivyouliza kila siku. "Bado? Tutakuita Mama Hakuna mpaka lini?" Akautikisa mkebe. "Na hii? Maini ya roboti? Haya, weka hapo kando ya matumbo. Ikinuka usinilaumu."

Jumapili alasiri Ivyne akaichukua diski kwa Waweru, na Ken akaja na kompyuta yake. Jiko liliwaka katikati ya chumba, mlango ukiwa wazi kidogo. Nashon alikaa kitandani na mtoto anayelia, uso ameuelekeza ukutani.

"Mnafukua maiti," alisema. "Mimi simo."

Ken akachomeka waya.

Tak. Tak. Tak.

Mtoto akanyamaza. Hakunyamaza kama anayesinzia. Alinyamaza kama mtu anayesikiliza. Nashon akageuka polepole.

Kwenye skrini ikatokea folda moja, kisha nyingine. "Haraka, bro," Ken akaibembeleza diski, "usiniangushe." Akainakili folda ya mwisho, Harusi ya Janice. Diski ikakwaruza, ikagonga, ikakwaruza tena. Folda ilipomaliza kuingia, nyingine zote zikatoweka mara moja.

Ken akaifungua ile kazi kwa programu ile ile aliyotumia Obuya. Bibi harusi akaonekana akishuka garini, wanawake wakipiga vigelegele. Juu ya picha, kwa herufi za dhahabu, Obuya alikuwa akiandika majina ya maharusi:

JANICE NA MUNG

Baada ya hapo, hakuna kitu.

"Mungai," Ken akasema. "Bwana harusi ni Mungai. Hii programu inahifadhi kazi yenyewe. Hapo ndio alifika."

"Anayeaga hawezi kuacha jina la mtu nusu," Ivyne akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

"Obuya?" Nashon akafuta macho kwa kiganja. "Huyo herufi moja ikienda kombo alikuwa anarudia kazi yote."

Akampigia mama yake, akamweleza, akamsomea herufi zile. Mama akalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwiteni."

Tak. Tak.

Wote watatu wakaitazama diski. Ken alikuwa ameshaichomoa. Waya ulikuwa mkononi mwake. Tak. Sauti ilitoka upande wa meza ambako hakuna aliyekaa, na mtoto alikuwa amekaza macho huko huko.

Nashon akainama sikioni mwa mwanawe. "Obuya," akasema.

Kugonga kukakoma. Mtoto akapiga mwayo, akalala.

Ken aliondoka bila kumaliza chai. Ivyne akalishika jiko kwa matambara, akalitoa nje, akarudi akafungua dirisha lote. Waweru alikuwa akipita.

"Mama nani, mbona unaingiza baridi kwa nyumba?"

"Mama Obuya," akajibu kwa sauti, na dirisha akaliacha wazi.